Hendibreki Iliyogoma Siku ya Harusi ya Mama

Mama yangu alifunga ndoa ya pili akiwa na miaka sitini na minne, na dereva wa bibi harusi nilikuwa mimi. Hadi leo nikilisema hilo mbele za watu, mdomo unanicheza wenyewe. Nimewahi kuzaa, nimewahi kujenga choo mpaka kikaisha, nimewahi kushinda kesi ya mpaka na jirani, lakini sijawahi kujiona mtu wa maana kama Jumamosi ile ya mwezi wa saba. Niliamka saa kumi na mbili, nikavaa sweta juu ya gauni la kulalia, nikajifunga khanga mbili juu ya sweta, nikasimama mlangoni kulitazama gari lililopambwa riboni.

Baridi ilikuwepo. Najua watu wa Mbeya na Njombe watacheka, na wacheke tu. Sisi wa Mwanza tumezoea mawe yanayotunza joto la jana hadi asubuhi. Mwezi wa saba, upepo ukitoka ziwani usiku kucha na ukakuta hayo mawe yamelowa, utamwona mwanaume mzima amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili, hataki kusalimiwa. Usiku ule ilikuwa imenyesha mvua isiyo na mwaliko. Uani palikuwa na matope, na pumzi yangu niliiona kwa macho yangu ikitoka mdomoni, nikaipuliza mara tatu kwa furaha.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba, kigari kidogo cha bluu ambacho rangi yake imepauka juu kama kichwa cha mzee. Ndugu zetu walitoa gari zuri zaidi, jeupe, lenye kiyoyozi. Mama alikataa.

"Gari hili ndilo lililonileta kwenye nyumba hii," alisema. "Ndilo litakalonitoa."

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na akitumia sauti ile ya darasani hakuna anayenyoosha mkono kuuliza swali. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Wengi wao aliwafundisha, na wote aliowafundisha wanakumbuka jambo moja: geti. Kengele ya asubuhi ikilia, geti linafungwa, na Mwalimu amesimama nyuma yake. Aliyechelewa hapigwi wala hatukanwi. Anageuzwa arudi mlimani, atafute jiwe la kumtosha umri wake, alibebe kichwani, alilete miguuni pa Mwalimu, aseme amechelewa dakika ngapi, kisha akalipange kwenye uzio. Ndivyo shule ile ilivyopata ukuta. Nusu yake ni uchelewaji mtupu. Mimi mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, nina mawe kumi na moja mle ndani na naweza kuyaonyesha.

Sasa mtu kama huyo unadhani atasemaje kuhusu harusi yake? Ijumaa jioni alituita sebuleni, mimi na mjomba wangu, ambaye ni mdogo wake, akatutazama kama watoto waliosahau madaftari.

"Misa ni saa tatu," alisema. "Si saa tatu na dakika moja. Nimefungia watu geti maisha yangu yote. Nikichelewa harusi yangu, nitajua Mungu amenijibu, nitarudi kuvua viatu, na msiniulize tena habari ya kuolewa."

Mjomba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua hatanii. Wiki nzima alikuwa anatafuta pa kutokea. Mara mguu unamuuma, mara kuku wake nani atawalisha, mara watu watasema nini. Nami nilitaka aolewe kuliko nilivyotaka kuolewa mwenyewe. Tangu baba afariki, mama alikuwa anakula amesimama. Anapika ugali, anakata tonge akiwa pale pale jikoni, anamaliza, anaosha sufuria. Ukimwuliza mbona hukai, anasema nakaa na nani. Kisha akaja yule mzee wa Buswelu, fundi mstaafu wa injini za meli, mjane, aliyeitwa kutengeneza pampu ya maji. Pampu aliitengeneza siku moja. Akarudi kuisikiliza siku ya pili. Siku ya tano alikuwa bado anaisikiliza, na mama alikuwa ameweka viti viwili uani. Nilipita nikamkuta mama anacheka hadi amejishika mbavu, nikajificha nyuma ya tangi la maji nikalia.

Kwa hiyo saa tatu ilikuwa saa tatu.

Lazima niseme habari ya jiwe. Nyumba yetu iko mlimani huku Ilemela, na njia ya kushuka kutoka uani hadi barabarani imesimama kama ngazi. Kwenye milima yetu kila mwenye gari ana jiwe lake. Ukiegesha, unashuka, unalisukumia chini ya tairi, ndipo unasema umefika. Jiwe la baba lilikuwa jeusi, pana, limeliwa upande mmoja na matairi ya miaka mingi hadi likapata shavu. Aliliweka siku zote tairi la mbele la kulia, upande wa dereva. "Atakayeondoka alione," alisema. Na hendibreki hakuiamini hata kidogo. "Breki husinzia," alikuwa akisema, "jiwe halisinzii." Alipofariki, mama alirithi jiwe na kazi yake. Gari halikulala hata siku moja bila yeye kutoka na khanga begani kwenda kuliweka.

Mimi jiwe lilikuwa linaniudhi. Nina hasira za karibu, nakiri, na hakuna kilichokuwa kinazichokoza kama kushuka kwenye gari nimevaa vizuri halafu niiname nibebe jiwe kama mchelewaji wa darasa la tatu. Wiki ile ya harusi nilipeleka gari gereji ya Nyakato wakabadilisha waya wa hendibreki. Ijumaa mchana nikalipeleka ziwani kuoshwa, wakalimwagia maji juu, chini, ndani ya matairi, kila mahali. Nikapanda nalo mlimani likiwa linadondosha maji bado, nikaligeuza likatazama chini, tayari kwa safari. Kisha nikaivuta ile hendibreki mpya kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeukanyagia kwenye dashibodi, hadi ikalia *kriii*.

"Leo hakuna jiwe!" nilitangaza. "Kuanzia leo nyumba hii ina breki!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akaingia ndani bila neno.

Jumamosi saa mbili kasoro magari mengine yote yalishatangulia kanisani Nyakato, yakipiga honi mteremko mzima. Tulibaki mimi, mama, mjomba na jirani yetu wa kike aliyempamba mama. Na mama alipotoka! Gauni la rangi ya maziwa, kilemba cha kitenge kilichosimama wima, na hereni ambazo sijui alizificha wapi miaka yote. Nikapiga kigelegele hadi mbwa wa jirani wakajibu. Tulimkalisha kiti cha nyuma, upande wa kushoto, jirani akaketi pembeni yake. Mjomba akakaa mbele na kuvuta suruali magotini. Nikawasha gari. Likawaka mara moja, mtoto mzuri. Nikashusha hendibreki, nikatia gia, nikaachia klachi.

Gari likachuchumaa. Sina neno jingine. Nyuma lilikaa chini, mbele likainua pua, likatetemeka, likazima.

Nikawasha tena. Likachuchumaa tena.

"Hendibleki," alisema mjomba, ambaye ulimi wake ni wa Kisukuma safi na hakuwahi kuona sababu ya kuubadilisha. "Umeisahau juu."

"Nimeishusha, mjomba. Hii hapa, inacheza kama jino bovu."

Tulishuka. Tuligusa matairi ya nyuma, tukayapiga teke, tukainama kuyachungulia. Jirani, ambaye mumewe ni dereva wa lori, ndiye aliyeelewa kwanza. Breki za nyuma za magari haya ya zamani hukaa ndani ya bakuli la chuma. Gari likilala limelowa na hendibreki imekazwa, breki hugandana na lile bakuli kwa kutu ya usiku mmoja, na baridi ikaikaza vizuri. Waya umeachia, mkono umeshuka, lakini huko ndani wenyewe wamekumbatiana.

"Nani alivuta?" mjomba aliuliza.

Nilitazama ziwani. Maji yalikuwa na ukungu, mazuri sana.

Kilichofuata nakikumbuka kama ngoma. Mjomba alivua koti akachukua uongozi. "Leta maji ya moto!" Nilikimbia na gauni langu jipya nimelikunja hadi kiunoni. Maji ya moto ya jiko zima yalimwagwa kwenye tairi la nyuma la kulia, mvuke ukapanda, mjomba akapotea ndani yake akikohoa. Yalipoisha, birika la chai ya tangawizi iliyobaki lilimwagwa tairi la kushoto. Uani kote kukanukia kama msibani. Nikawasha: likachuchumaa. Majirani watatu wakaja kusukuma, mmoja bado ana mswaki mdomoni. Kurudi nyuma hatukuweza, maana nyuma ni jabali kubwa kuliko nyumba. Kukanyaga mafuta kwa nguvu niliogopa, kwa sababu mbele ni mteremko na mwisho wa mteremko ni geti la watu. Tulisukuma huku tumeegemea, tukahesabu moja, mbili, tatu, mwenye mswaki akateleza kwenye matope akakaa kitako, na Mungu anisamehe, nilicheka hadi machozi. Kadiri nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kucheka. Mjomba akanikemea, kisha naye akaanza. Tulikuwa watu wazima watano tumelishika gari, tunatetemeka kwa baridi na kicheko, na hakuna anayesukuma.

Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Mikono juu ya magoti, saa ya mkononi juu ya mkono. Nilichungulia dirishani nikamwambia tuite bajaji.

"Nilisema gari hili."

"Mama, saa tatu kasoro robo!"

"Naiona."

Hakuonyesha hasira. Afadhali angekasirika. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto wa mwenzake. Hapo kicheko kilinikatika. Nilijua tukifika saa tatu na dakika moja atavua viatu, na Jumapili nitamkuta jikoni amesimama na tonge lake. Na aliyevuta hendibreki ni mimi.

Nikafanya jambo ambalo bibi harusi hafanyiwi. Nikampigia simu bwana harusi.

Alikuwa kanisani tayari, amesimama mbele na suti yake ya kijivu. Nilimweleza kwa pumzi moja. Hakuuliza kitu ila kimoja: "Gari lililala limelowa?" Nikasema ndiyo baba. Akasema nakuja. Saa tatu na dakika tano, dakika tano baada ya Mungu kutoa jibu lake, mama akiwa bado garini na viatu vyake miguuni, pikipiki ilipanda mlima ikilia, na nyuma yake ameketi bwana harusi, ua kifuani, nyundo mkononi.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Pole. Yuko wapi Mwalimu?"

Mjomba alipata kichaa. "Halafu atamwona! Bwana halusi haluhusiwi kumwona bibi halusi kabla ya kanisa! Zibeni! Zibeni dilisha!" Jirani alichomoa khanga kwenye mkoba, akatoka, akaitanua juu ya kioo cha mama kama pazia, mikono juu, amesimama hivyo hivyo kwenye matope na viatu vyake vya visigino. Maandishi ya khanga yalitutazama sisi sote: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Yule mzee aliyasoma, akatikisa kichwa kidogo, akalala chini. Na suti. Chali, kwenye matope na tangawizi, akajivuta chini ya gari hadi zikabaki soksi zake tu nje, moja ya kijivu na moja nyeusi. Tulisikia anagonga. Hakupiga kwa fujo kama sisi. Aligonga kama mtu anayebisha hodi kwa watu wenye heshima zao. Ko, ko, ko. Ananyamaza, anasikiliza. Ko, ko. Kisha tairi la kulia likasema *tak!* Akajivuta upande wa pili. Ko, ko, ko. *Tak!*

"Zimeachia," ilisema sauti kutoka chini.

Tulishangilia kama tumefunga goli. Akatoka, nikaruka kwenye usukani, nikatia gia, nikaachia klachi kwa upole wa mama mzazi.

Gari likaenda. Likaenda upana wa kiganja, likagonga kitu, likazima.

Mwenye mswaki aliutoa mdomoni. Mjomba alivaa koti lake polepole, akafunga vifungo vyote, akasema kwa sauti ya chini, "Labda kweli ni ishala." Nililaza kichwa kwenye usukani. Honi ikalia yenyewe, ndefu, na sikuinua kichwa.

Nilipokiinua, yule mzee alikuwa amelala chini tena, safari hii kwa mbele, upande wa kushoto, ambako pua ya gari ilikaribia mwamba na hakuna aliyekuwa amepita. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakumtazama mjomba, hakunitazama mimi. Alijipangusa mikono kwenye suruali ambayo haikuwa na pa kupangusia tena, akajipenyeza kati ya gari na mwamba hadi kwenye ile khanga, akainama. Jirani alimpisha kidogo ila mikono hakuishusha. Kioo kilikuwa kimeshushwa, nami nilikuwa nimekaa mbele, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mwalimu," alisema mzee kwa khanga. "Kuna jiwe chini ya tairi hili. Jeusi, lenye shavu."

Nani angetafuta jiwe Mwanza? Uani kwetu mawe ni mengi kuliko majani, unayakanyaga, unayaanikia nguo, unayakalia. Jiwe jeusi chini ya tairi, kwenye kivuli cha mwamba mweusi, usingeliona hata likikukalia kichwani. Na mimi niliyetangaza kwa mdomo wangu kwamba leo hakuna jiwe, ningelitafuta la nini?

"Halikujiweka lenyewe," mzee aliendelea, taratibu, kama anayeongea na pampu yake. "Sijamwambia mtu. Ukitaka nitaliondoa. Ukitaka libaki, nitasema gari limekufa injini, wataniamini, mimi ndiye fundi. Nitapanda pikipiki nikamwambie padri. Sitakulaumu leo wala kesho. Pampu nitakuja kuisikiliza kama kawaida."

Nilimtazama mama kwenye kioo cha dereva. Alikuwa anaitazama khanga, upande wa nyuma ambako maandishi yanasomeka kinyume. Midomo ilimcheza. Sijui nilisali nini, ila nilisali.

"Buswelu kwako," mama alisema mwishowe, na sauti ilikuwa kavu, "nyumba iko kwenye mteremko?"

"Ipo kwenye mteremko."

"Mkali?"

"Wa kutosha."

Mlango ukafunguka. Mama alishuka na gauni lake la rangi ya maziwa, akampokonya jirani ile khanga, akasimama uso kwa uso na bwana harusi aliyekuwa na matope hadi kwenye masikio. Mjomba alipiga kelele moja akafunika macho yake mwenyewe. "Sogea," mama alimwambia mzee, "utanichafua." Akaagiza wanaume walisukume gari nyuma kidogo. Jiwe likalegea. Aliinama mwenyewe, hakutaka msaada, akalitoa, akalifunga kwenye khanga, akalipakata kifuani, akarudi kwenye kiti chake.

"Mama," nilisema. "Ulijua. Muda wote huu ulijua."

"Endesha gari."

Niliendesha! Watu wangu, niliendesha. Tulishuka ule mlima riboni zikipepea, honi nimeikalia. Mzee alitaka kurudi na pikipiki, lakini mama alisema wachelewaji wote wapande gari moja, kwa hiyo alikaa mbele pembeni yangu, amegandwa na matope, na mjomba alibanwa nyuma kati ya wanawake wawili akilalamikia desturi hadi Nyakato. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kwa sauti, nikitazama kioo kila baada ya nyumba tatu kuhakikisha mama bado yumo.

Kanisani tulifika saa nne kasoro dakika kumi na tatu. Watu walikuwa wamejaa hadi nje, na zaidi ya nusu yao waliwahi kubeba mawe kwa ajili ya mama yangu. Mlangoni alisimama katekista, mwanaume wa miaka hamsini hivi, mwanafunzi wake wa zamani, mikono nyuma. Alitazama saa yake. Nina hakika alikuwa ameisubiri dakika ile tangu darasa la pili.

"Shikamoo Mwalimu," alisema. "Umechelewa."

Mama alitembea hadi kwake, kilemba wima, akaifungua khanga mbele ya kanisa zima, akainama, akaliweka jiwe miguuni pake.

"Dakika arobaini na saba," alisema.

Kanisa lililipuka. Vigelegele, makofi, watu wazima wamesimama juu ya mabenchi, wababa wenye mvi wanapigana mabega na kuonyeshana jiwe. Padri alitoka kwenye sakristia kuona kuna nini, naye akacheka hadi akashika nguzo, kwa kuwa padri pia ana mawe mawili kwenye ule ukuta. Mama alipita katikati yao akielekea mbele, akijitahidi kuweka uso wa Mwalimu, na uso ulikataa.

Ndoa ilifungwa na bwana harusi ananuka tangawizi. Walipotoka, watu waliwarushia mchele, na mzee alisimama pale mlangoni, akainama, akaokota jiwe, akalikung'uta mchele, akalibeba yeye mwenyewe hadi kwenye gari.

Alasiri, sherehe ilipoisha, niliwapeleka Buswelu. Mteremko ulikuwepo kweli, hakudanganya. Niliegesha mbele ya nyumba yake, na hendibreki niliivuta kidogo tu, kwa vidole viwili, kwa adabu. Mzee alishuka kabla yetu, akalitoa jiwe kwenye khanga, akazunguka, akachuchumaa kwenye tairi la mbele la kushoto, pale pale alipolikuta asubuhi.

"Si hapo, Mzee," mama alisema. "Linawekwa kulia. Upande wa dereva, atakayeondoka alione."

Mzee alimtazama, jiwe mikononi. "Mbona asubuhi lilikuwa kushoto?"

Mama alishuka, akajifunga ile khanga kiunoni, akaanza kupanda ngazi za nyumba yake mpya.

"Asubuhi," alisema bila kugeuka, "sikutaka lionekane."